Chandarua cha Msafiri

Ndugu zangu, nyumba ile ilikuwa na utulivu wake. Mama akichambua mchele barazani, binti yake mkubwa ndani akikanyaga cherehani. Huyu fundi nguo mtaa mzima walimwita Sindano, kwa jinsi ulimi wake ulivyochoma.

Ndipo mdogo wake, msusi, aliporudi kutoka nje ya nchi, alikopelekwa na tajiri yake kujifunza kazi. Majirani wakajaa. Siku hiyo hakuna aliyeulizia nguo yake. Sindano akacheka nao, roho ikimuuma.

Baada ya siku chache msusi aliamka na homa kali, macho na viungo vikimuuma.

"Dada, huko nilikotoka kuna dengue, homa inayoenezwa na mbu. Uwanja wa ndege walituambia tukipata homa twende kituo cha afya. Na lile pipa la maji la uani tulifunike, mbu wasizaliane humo."

Sindano akabetua midomo. "Safari moja tu, hata mbu wetu umeshawaona washamba? Unataka kudekezwa. Lala huko!"

Kwa kumheshimu dada yake, msusi akarudi kulala. Alipopitiwa na usingizi mchana, Sindano alikifungua juu ya mgonjwa chandarua kipya alichokuja nacho, akakitundika kwenye kitanda chake mwenyewe. Kwani yeye hakustahili kuletewa? Oneni kijicho kilivyo! Mbu wa pipani, wanaouma mchana kweupe, wakamnywa msusi damu. Siku zilipopita, wakamgeukia mama.

Msusi alipata nafuu. Aliyeanguka ni mama, fizi zikimtoka damu. Wakamkimbiza hospitali.

"Kuna aliyesafiri hapo nyumbani?" daktari akauliza.

Sindano akamtangulia msusi kujibu: "Yupo. Alitaka kuja mapema, nikamzuia."

"Kwa nini?"

"Nilimwonea wivu."

"Mngekuja, tungewahi kuwaangamiza mbu mtaani kwenu," daktari akasema, akageukia dripu ya mama.

Mama alipona. Siku ya kutoka aliegemea bega la msusi. Sindano akawafuata nyuma na mfuko wa nguo, na hata hapo akatamani bega lile lingekuwa lake.

FUNZO

Ukirudi safarini ukashikwa na homa, wahi kituo cha afya, useme ulikotoka. Mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana, na maji yafunikwe. Na wewe mwenye wivu, usimzuie mwenzako kutibiwa: mbu hajui nani kasafiri na nani kabaki.