Shamba la Basaliza na Kinamasi cha Wote

Kwetu Toro kila mtu ana jina la mapenzi. Jirani yangu Basaliza ni Araali. Mkewe Kabahuma ni Abwooli. Ukisikia mke anamwita mumewe kwa jina lake la kawaida badala ya lile la mapenzi, jua nyumbani kumechafuka.

Basi asubuhi moja nikasikia ng'ambo ya ua: "Basaliza! Uji unapoa!"

Mama yangu! Nikaacha kumenya maharage, nikaenda.

Basaliza alikuwa ametoka kinamasini, upande wa chini wa shamba lao, ana matope hadi magotini. Shamba lao ni ardhi ya umma. Babu yake aliikodi serikalini, na muda wa kukodi unakaribia kwisha. Basaliza alitaka iwe yao ya kudumu, watoto wasije wakafukuzwa. Jambo jema. Lakini alikuwa anafyeka mafunjo na kupanda mikaratusi.

"Kamati ya ardhi inakuja kukagua," akaniambia. "Wakiona kinamasi kitupu, watasema sikitumii. Wakiona miti, wananipa chote."

"Na kisima cha kijiji kinachopata maji humo?" Kabahuma akauliza. "Mikaratusi inafyonza maji. Kijiji kizima kitakunywa nini, majani yako?"

"Mwanamke huyu! Si nafanya kwa ajili yenu?"

"Hukuniuliza, Basaliza."

Siku ya ukaguzi alikuja Bi Birungi wa kamati. Utotoni alichota maji kwenye kisima kile kile. Alipoona miche, akasonya.

"Araali, nani amekudanganya? Kukodi ardhi ya umma si kuimiliki. Raia anaruhusiwa kuomba iwe yake ya kudumu. Lakini serikali ina uwezo wa kukubali, kuweka masharti, au kukataa. Mito na vinamasi serikali inavitunza kwa ajili ya wote. Haviwi mali ya mtu, hata upande dhahabu!"

"Kwa hiyo nakosa shamba?" Basaliza akauliza. Nilimwonea huruma, jamani. Ana maneno mengi, lakini anaipenda familia yake.

"Ukiomba pamoja na kinamasi, ombi litakwama. Tukiwa bado tunavutana, muda wa kukodi utaisha, na hapo ndipo patakuwa pabaya. Ng'oa miti. Omba sehemu kavu tu, penye nyumba, migomba na chai. Mpimaji aweke mipaka huku juu, mafunjo yasipofika. Na uombe sasa, usingoje muda uishe."

Basaliza akasimama tu, anaangalia miche yake. Kabahuma akafunga kitenge kiunoni, akaingia matopeni, akang'oa mche wa kwanza. Mumewe akamfuata. Na mimi na umbea wangu, ningebaki nimesimama? Nikaingia.

Wakaomba sehemu kavu. Mpimaji akaja, majirani wakaitwa kushuhudia mipaka, hakuna aliyepinga. Baada ya miezi mingi hati ikatoka: shamba ni lao, la kudumu. Mafunjo nayo yakaota tena. Kiangazi kilipokuja, visima vya vijiji jirani vilikauka. Chetu kilijaa maji, na kila mtu alichota.

Jioni moja ya kiangazi hicho nilikuwa kwao. Kabahuma alipakua ugali wa ulezi na maharage ya kumenya, akaita kuelekea migombani, kwa jina ambalo sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu asubuhi ile ya uji: "Araali! Njoo ule!"

Basaliza akatokea mbio, jembe bado mkononi. "Umeniitaje?"

"Umesikia. Au masikio nayo umeyakodi?"

Akacheka mpaka akafuta machozi. "Nimesikia, Abwooli wangu," akasema.

Nikaaga upesi. Chakula kile hakikuwa cha watu watatu.