Mikono Iliyofunika Fuvu la Shigela

Zamani zile, kabla bunduki hazijazifikia nchi za bara, ngome ya Lubagala ilizingirwa na Walunga kwa miezi miwili. Ndani ya ngome mlikuwa na chumvi, mtama na majembe ya chuma. Nje, Walunga walikuwa na uchu wa vyote vitatu. Aliyewazuia alikuwa mtu mmoja, jemadari Shigela, mvaa ngozi ya chui, mwenye bangili saba za shaba mkononi. Asubuhi moja, akiwa juu ya boma anaelekeza wapiga mishale, jiwe la kombeo lilimpata utosini.

Hakufa. Alilala akikoroma, macho wazi, na mguu wake wa kuume ukawa kama gogo. Jua halijafika kichwani, wakuu wa vikosi watatu walikuwa wakigombea fimbo yake ya vita, na mmoja wao amekwisha kutamka neno la kufungua lango. Mtemi akaona wazi: Shigela asipoamka, Lubagala haitamaliza juma. Akaagiza aitwe Mihayo, fundi wa mafuvu.

Mihayo alikuja na Nyanzobe, mwanamke wa makamo, mjane, aliyekaa mbele yake katika kila fuvu alilolifungua kwa miaka kumi na miwili. Lugendo, nahodha kijana wa kikosi cha mikuki, akamtazama kuanzia kaniki yake hadi miguu mitupu.

"Fundi nimemwona," alisema. "Na huyu mama je, amekuja kupika?"

"Nimekuja kushika," alijibu Nyanzobe.

"Kushika nini?"

"Kila asichoweza kukishika yeye."

"Hata mimi nashika! Nimewahi kumshika dume la nyati kwa pembe."

"Vizuri. Basi shika miguu ya mkuu wako. Dume hili likizinduka lina mateke."

Askari wakacheka. Lugendo akapiga magoti, akaishika miguu, lakini mkuki wake aliulaza karibu. "Akifa," alisema, "tutajua nani alishika vibaya."

Walimlaza uani juani, wakamdondoshea kinywani dawa ya usingizi, asizinduke kisu kikiwa kichwani. Mihayo akakaa upande mmoja wa kichwa, Nyanzobe upande wa pili, uso kwa uso.

"Sasa, nahodha, hakuna kusema," Nyanzobe alionya.

"Kwa nini? Mizimu itakasirika?"

"Mfupa unasema. Ukiwa mnene, mkwaruzo wake ni mzito. Ukiwa mwembamba, sauti hupanda. Fundi anasikiliza."

Lugendo akanyamaza, na kwa kuwa hakuruhusiwa kusema, akaanza kutazama. Aliona mambo ambayo hakuyatarajia. Kisu kilipopasua ngozi, vidole vya Nyanzobe vilikuwa vimekwisha kubana kingo zake kwenye mfupa, na damu iliyotaka kuruka ikatulia. Aliivuta ngozi kwa kulabu mbili za shaba, si kwa nguvu, ila kwa mvuto uleule mmoja usiobadilika, kama mtu ashikaye mlango ili mgeni apite. Pamba aliigusisha tu. Hakufuta hata mara moja, maana kufuta hung'oa damu iliyoanza kuganda. Mihayo aliunyoosha mkono bila kuinua macho, na kwangulio la mfupa lilikuwa pale. Akaunyoosha tena, na maji ya vuguvugu yaliyochemshwa kwa magome yakamiminika kutoka kibuyuni, yakiondoa unga wa mfupa. Mkono wa fundi haukusubiri kitu hata mara moja. Lugendo akajiuliza: huyu mama anajuaje?

Mihayo aliinua vipande viwili vya mfupa uliobonyea. Kikabaki cha tatu, chembamba kama mwiba, kimesimama katikati ya utosi. Akakishika kwa koleo.

Nyanzobe akaweka kiganja chake juu ya jeraha.

Ilikuwa sheria ya mafundi wa mafuvu: msaidizi akifunika, chuma hukaa chini. Lakini sheria ilikuwa na upande wa pili. Mkono uliofunika bure haukugusa jeraha tena maisha yote.

Lugendo akauchukua mkuki. "Mama, ondoa mkono! Unamwua!"

"Kaa," alisema Mihayo. Uso wake ulikuwa umewiva kwa hasira; alikuwa amefungua mafuvu arobaini. "Nyanzobe, sema."

"Njoo ukae nilipokaa mimi."

"Fundi hahami upande wake."

"Kivuli chako kimelala juu ya jeraha, Fundi. Hukioni ninachokiona."

Mihayo akainuka, akazunguka, akachutama begani pake. Nyanzobe aliinua kidole kimoja tu. Chini ya mwiba ule wa mfupa palikuwa na mshipa mpana, wenye damu nyeusi, uliotobolewa. Na mwiba wenyewe ndio ulioziba tundu.

"Nikikivuta?" aliuliza Mihayo, kwa sauti ya mwanafunzi.

"Utafungua mto. Vidole vyangu havitatosha kuuzuia."

Fundi akaliweka koleo chini. Wakakikwangua kidogo pembeni tu, mfupa usibane ubongo, wakakiacha palepale, wakairudisha ngozi na kuishona kwa ugwe.

Alasiri Shigela alipepesa macho. "Nani amekalia miguu yangu?"

"Ni mimi, mkuu," alisema Lugendo, machozi yakimtiririka.

"Ondoka. U mzito."

Siku ya tatu Walunga walilivamia lango. Shigela alibebwa kwa machela mpaka juu ya boma, mguu wa kuume bado mzito, akapanga vikosi kwa ncha ya fimbo. Lugendo akatoka kwa mlango wa nyuma na mikuki mia mbili. Kufikia jioni ngao za adui zilikuwa zimetapakaa bondeni, na waimbaji wakaimba:

*Mihayo fundi hodari,*
*Fuvu amelifungua,*
*Karudisha jemadari,*
*Adui kawatimua.*

Ndivyo historia ilivyohifadhi, na ndivyo inavyoimbwa. Ni wimbo mzuri, na ni nusu ya habari.

Mtemi alipomwuliza Nyanzobe anataka tuzo gani, hakutaka ng'ombe wala shaba. Alitaka kujua kitu kimoja tu: mfupa ulioachwa ndani hufanya nini? Basi kila mwezi mwandamo alipanda hadi nyumba ya jemadari. Mtu yule, ambaye hata mbele ya Mtemi alisalimu akiwa amesimama wima, aliiegemea fimbo yake, akainama, akampa utosi wake.

Nyanzobe aligusa polepole, macho amefumba.

"Mfupa umefunga?" aliuliza Shigela.

"Bado. Usiinuke kwanza."