Gari la Macho Ndani ya Laga

Maji yaliwakuta katikati ya laga, mto wa mchanga unaokauka mwaka mzima na kujaa ghafla, mahali ambapo hata mbuzi mwenye akili timamu hasimami.

Byron ndiye aliyekuwa kwenye usukani, naye hakuwa dereva. Alikuwa mhandisi aliyepewa usimamizi wa mradi wa kutibu macho kati ya Lodwar na Kakuma, cheo kilichomkaa kama kofia ya mtu mwingine. Dereva, Kipkemboi, alikuwa amekataa kuondoka Lodwar mchana ule. Ilikuwa Januari 1998, mvua za El Niño zilikuwa zimeitafuna barabara, na hata polisi walikuwa wameahirisha msafara. Byron alimcheka Kipkemboi mbele ya watu, akamnyang'anya ufunguo, akamwambia aende akauze mayai.

Gari lenyewe lilikuwa nyumba yenye magurudumu. Lilikuwa na kitanda, jiko la gesi, choo ambacho Byron peke yake aliruhusiwa kukitumia, na nyuma kabisa chumba kidogo cha kupimia macho. Kwenye dari Byron alikuwa amefunga balbu kumi na mbili za halojeni. Kazi ya macho ilihitaji mbili. Zilizobaki zilikuwa za kupigiwa picha wafadhili wakija. Zote ziliwaka kwa swichi moja, maana Byron alipenda kuona nyumba nzima ikilipuka mwanga kwa kidole chake. Zilichoma kama tanuri, na zilinyonya betri kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

Nyuma walikaa wanawake wawili. Mugure, muuguzi wa macho kutoka Nyeri, alikuwa amefanya kazi Lodwar muda wa kutosha kumdharau Byron bila kujichosha. Alimdharau kama mtu anavyopumua. Mwenzake alikuwa Awut, Mdinka aliyeishi kambini Kakuma na kuwatafsiria wagonjwa. Mugure alimwita Mama Majok, kwa jina la mwanawe, lakini kwa kweli hakuwahi kuzungumza naye jambo lolote lisilohusu foleni ya wagonjwa.

"Bosi, yale si maji?" Awut aliuliza.

"Ni matope," Byron alijibu, akakanyaga mafuta.

Hayakuwa matope. Yalikuwa ukuta wa rangi ya chai ya maziwa, umebeba matawi, mizizi na mzoga wa punda, na ulifika kwa ngurumo iliyowanyima hata nafasi ya kupiga kelele. Gari lilipigwa ubavuni. Injini ilimeza maji, ikakohoa, ikafa. Magurudumu yaliteleza kutoka kwenye saruji ya kivuko, na nyumba ile nyeupe ikaelea ikizunguka polepole kama sufuria kisimani. Kisha ikagonga mkoma uliosimama kwenye kisiwa cha mchanga, ikakwama hapo imeinamia upande mmoja.

Kifuniko cha dirisha la darini kilikuwa kimefunguka, na mvua ikamiminika ndani. Awut alisimama kwenye benchi, akanyoosha mkono kukivuta. Tone baridi likaangukia balbu iliyokuwa ikiwaka juu ya uso wake.

Balbu ilipasuka kwa mlio mkali. Awut alianguka sakafuni, viganja vyote viwili vimefunika jicho la kulia.

"Usisugue!" Mugure alimrukia, akamshika mikono. "Mama Majok, nisikie. Usisugue hata kidogo."

"Iko moto ndani ya jicho, sista. Iko kitu inakata."

Byron aligeuka kwenye kiti chake. "Nani alimwambia apande kwenye benchi?"

Mugure hakumjibu. Kuna watu ambao ukiwajibu unawapa heshima.

Jambo la kwanza lilikuwa gari lisichukuliwe tena. Kulikuwa na kamba ya kuvutia gari chini ya kiti cha mbele.

"Kaifunge kwenye mti," Mugure alisema.

Byron alitazama nje, akatazama viatu vyake vya ngozi. "Tusubiri maji yapungue kwanza."

Mugure alivua viatu, akashuka mwenyewe. Maji yalimfika kiunoni na kumsukuma kama umati wa watu. Kigogo kilimgonga paja, akajishika kwenye bumpa, akavuta pumzi, akaendelea. Aliizungusha kamba kwenye mkoma mara mbili na kuikaza kwa meno na vidole. Aliporudi ndani alitetemeka, paja likimtoka damu, na Byron alikuwa amefungua soda ya mwisho kwenye friji.

"Redio," Mugure alisema.

Byron alikuwa ameshaijaribu. Ilikuwa redio ya masafa marefu, ya kuongea na Kakuma. Alipobonyeza kitufe, ilikwaruza tu, sindano ikalala. Taa za darini nazo zilikuwa zimeanza kugeuka rangi ya machungwa.

"Betri inaisha. Zima taa zako."

"Tukae gizani kama fisi? Mtu akipita akiona giza, atajua tuko hapa vipi?"

"Nani atapita, Byron? Samaki?"

Nje jua lilikuwa limezama nyuma ya mvua. Mugure alimlaza Awut kwenye kiti cha wagonjwa, akamtilia dawa ya ganzi, akalifungua jicho. Lilikuwa jekundu, likitiririka machozi. Kigae cha kioo ndani ya machozi hakionekani; ni maji ndani ya maji. Ili kukiona alihitaji mwanga mweupe, thabiti, kutoka pembeni. Halojeni za Byron zilimpa rangi ya kaa linalokufa. Tochi ya kliniki ilikuwa imezama mahali fulani chini ya maji yaliyoingia ndani. Kila mara Awut alipopepesa, kile kioo kilikwangua jicho lake upya, na asubuhi kingeweza kuwa kimeacha kovu ambalo hakuna dawa ingelifuta.

Hapo Mugure alikumbuka boksi.

Mhandisi mmoja kutoka Uholanzi alikuwa amewaletea taa za kujaribu, ziwekwe mahali pa halojeni. Zilikuwa LED nyeupe, kitu kipya kabisa, vijipunje vilivyopangwa kwenye vibao vyembamba, kila kibao na nyaya zake mbili. Mgeni alieleza kwamba vibao vyote kwa pamoja havili umeme unaoliwa na balbu moja. Byron alisubiri aondoke, akaviita macho ya panya. Mugure naye alicheka siku hiyo.

Boksi lilikuwa juu ya kabati, kavu. Lakini halojeni zote zilikuwa kwenye swichi moja. Akiwasha kibao kimoja, anawasha na halojeni zote, na betri itakufa kabisa. Ilibidi zing'olewe.

Alizima swichi. Giza liliingia kama mtu mwenye haki ya kuingia. Kisha akaanza kung'oa balbu kwa kupapasa, zikiwa bado na moto. Ya kwanza ilimchoma vidole hadi akanusa ngozi yake. Alifunga kitambaa mkononi, akaendelea, akizitupa majini moja baada ya nyingine, nazo zikilia *fyuu* zilipozama.

"Hizo balbu ni mali ya mradi!" Byron alisema.

"Ukitaka, zifuate."

Alichukua kibao kimoja, akasukuma ncha za nyaya kwenye matundu mawili ya soketi iliyokuwa juu ya kiti cha wagonjwa, akapapasa swichi. Giza. Akabadilisha kibao. Giza. Akajaribu soketi nyingine, jasho likimwingia machoni, Awut akiugua chini yake. Giza.

Kutoka kwenye kiti cha mbele kulisikika sauti ya Byron, tulivu, karibu ya furaha. "Nilisema ni vya kuchezea."

Awut akanyamaza kuugua. Alikuwa amemsikia Byron akiongea kwa miezi mingi, na kazi yake ilikuwa kusikiliza maana iliyo chini ya maneno.

"Bosi," alisema gizani, "wewe unajua kitu."

Kutoka mbele alisikika Byron akimeza soda.

"Unajua, na unanyamaza. Mimi nilitembea kwa miguu kutoka Bor mpaka Ethiopia, na kutoka Ethiopia mpaka hapa. Nimeona watu wabaya. Mtu mwenye bunduki, huyo naelewa, anataka ng'ombe. Mtu mwenye kunyamaza ili jicho ya mtu iharibike, ndio sista aonekane mjinga, huyo sijaona. Huyo ni mara ya kwanza."

Mvua ilipiga bati. Kisha kiti cha mbele kililia, na hatua nzito zikaja zikikanyaga maji.

"Halojeni haijali waya upi ni upi," Byron alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Hizi zinajali. Umeweka chanya mahali pa hasi. Geuza."

"Ulijua tangu mwanzo?"

"Lete hapa."

Alizitoa nyaya, akazigeuza, akazisukuma.

Mwanga ukatoka, mweupe wenye chembe ya buluu, baridi kama maziwa ya alfajiri. Haukuwa mkubwa. Ulimulika kiti, uso wa Awut, mikono miwili yenye malengelenge, na uso wa Byron, ambao Mugure hakujishughulisha kuutazama.

"Kishike kibao hapa. Pembeni. Ukitetemeka nitakuchoma sindano wewe."

Byron akashika. Mugure alivaa miwani ya kukuza, akatia rangi ya kupimia jichoni, na chini ya mwanga ule wa kibuluu rangi ikang'aa kijani kibichi. Katikati ya ule ujani palionekana mikwaruzo, na mwisho wa mikwaruzo, ukingoni mwa mboni, kigae chembamba kuliko ukucha wa mtoto mchanga, kimesimama wima.

"Mama Majok, tazama goti langu. Usitazame kitu kingine."

"Goti yako siioni, sista. Ni nyeusi na hapa ni giza."

"Basi lifikirie."

Awut alicheka kidogo, mwili ukalegea, na katika kulegea huko Mugure aliingiza ncha ya sindano chini ya kioo, akakiinua. Kikatoka. Alilisafisha jicho kwa chupa nzima ya maji ya chumvi, akapaka dawa, akalifunika.

Ndipo gari liliposogea.

Wimbi la pili lilikuwa limefika. Sakafu iliinuka, kibao kikamponyoka Byron, kikaning'inia kwenye nyaya zake kikimulika mlangoni, na nje kamba ikalia kama mnyama. Fundo lilikuwa linafunguka. Mugure alisimama, na paja lake likakataa. Mguu ulikuwa umekufa ganzi.

Byron alimtazama, akatazama mlango. Hakuvua viatu. Aliruka tu, kwa ubaya, kama gunia linaloshushwa kwenye lori, na maji yakamfunika kichwa. Waliona mkono wake ukishika kamba. Walimwona akijivuta, akizama, akiibuka akitema tope, mpaka akaukumbatia mkoma na kuanza kukaza fundo kwa mikono ya mtu asiyewahi kukaza kitu. Alibaki hapo, ameushika mti na kamba, akilia kwa sauti bila aibu, mpaka nguvu ya maji ikavunjika na akaweza kurudi kwa kutambaa.

Hakuna aliyempongeza. Awut alimsogezea blanketi kwa mguu.

Usiku ule kibao kimoja kiliwaka peke yake, na betri haikuonekana hata kujua. Kulipopambazuka Mugure alikichomoa, akaiacha betri ipumzike, kisha akabonyeza kitufe cha redio. Sindano ikainuka, ikasimama.

"Kakuma, Kakuma, hapa ni gari la macho. Tumekwama ndani ya laga upande wa Lodwar. Watu watatu, wawili wana majeraha."

Kisha sauti ya Mukendi, Mkongo aliyeshughulikia redio Kakuma, ikaja ikikwaruza. "Mama, tunakusikia! Mubakie hapo hapo, musitoke! Lori inakuya!"

Redio ikafa hapo hapo, na safari hii ilikufa kweli.

Lori lilipofika ukingoni, maji yalikuwa yamepungua hadi mapajani. Mturkana mrefu aitwaye Lokorio, aliyekuja na lori kuonyesha vivuko, alivuka akiwa na kamba begani, akapima mchanga kwa fimbo kabla ya kila hatua. Alichungulia ndani.

"Ejok," alisema, akiwasalimu kwa Kiturkana.

"Ejok," Mugure alijibu, na machozi yaliyokuwa yamemkalia usiku kucha yakamtoka.

Lokorio alitazama kitanda kilicholowa, friji iliyolala ubavu, choo kilichojaa mchanga. "Nyumba hii ilikuwa inahamia wapi?" aliuliza.

Walimbeba Mugure kwanza. Awut alivuka mwenyewe, jicho moja limefungwa, mkono kwenye fimbo ya Lokorio.

Kakuma, watu walikuwa wamejaa nje ya zahanati: wauguzi, majirani wa Awut kutoka kambini, wachuuzi wa miraa. Byron alikuwa amepewa shati kavu, na pamoja na shati hilo, sauti yake ya zamani ikaanza kumrudia.

"Hali ilikuwa mbaya sana," aliwaambia, amesimama kwenye ngazi. "Ikabidi mimi kama mhandisi nifunge taa za dharura, ili muuguzi aweze..."

Ndani, Mugure alikuwa anafungua bandeji ya Awut, mguu wake mwenyewe umenyooshwa juu ya kigoda. Jicho lilifunguka, jekundu bado, likapepesa kwenye mwanga wa dirisha.

"Unaona nini, Mama Majok?" Kisha akajirekebisha, taratibu, kama anayejifunza neno. "Awut. Unaona nini?"

Awut aliinuka, akatoka hadi mlangoni, akasimama mbele ya Byron. Umati ulimwona mwanamke yule mrefu amefunika jicho lake zima kwa kiganja, akimtazama bosi kwa lile bovu, kuanzia viatuni hadi usoni, bila haraka.

"Nakuona, bosi," alisema. "Nakuona vizuri sana."

Byron alishuka ngazi, akapita katikati ya watu, nao wakampisha njia bila hata mmoja kumgusa bega.

Awut alirudi ndani. "Sista, hii jicho iko sawa," alisema, akakaa chini karibu na kigoda. "Sasa leta huo mguu."