Orodha ya Ukutani

"Nani alikufundisha kompyuta? Sema! Nani?"

"Wewe."

"Basi! Halafu leo unaanzisha kikundi, unaita watu, na mimi nasikia kwa fundi simu kama mpita njia?"

"Nilikuambia Jumatatu, kaka. Ulisema nisikusumbue, una kazi."

"Nilikuwa na kazi kweli!"

"Haya. Sasa sogea, nataka kufagia."

Hao walikuwa ndugu, tumbo moja. Kaka mtu mtaa mzima ulimwita Bingwa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti. Tovuti ni zile kurasa za mtandaoni. Mtu anafungua kwenye simu, anaona duka lako, saa zako za kazi na namba yako. Bingwa alijifunza peke yake, bila mwalimu, na hakuacha mtu asahau.

Mdogo wake aliitwa Uzi, kwa wembamba. Miaka mitatu nyuma hakujua hata kuwasha kompyuta. Bingwa ndiye aliyemshika mkono. Sasa watu walianza kumuuliza Uzi, wakimpita Bingwa mlangoni. Hilo ndilo lililomchoma.

"Kikundi chenyewe cha nini?" Bingwa aliuliza.

"Cha kuangalia mambo mapya ya mtandao. Kila wiki kinatoka kitu kipya, na kila mtu anakisifia. Hatujui kipi kinafaa na kipi ni kelele tu. Tukiwa wengi tutagawana kujaribu."

"Si mniulize mimi?"

"Tukikuuliza unasema, 'Niachieni mimi.' Unafanya, unafunga kompyuta, unaondoka. Sisi tunabaki kama tulivyokuwa."

Mama yao alikuwa kwenye cherehani. Chumba kilikuwa chake, cha kushonea. Hakuinua hata macho. "Mkitaka kupigana nendeni nje. Bingwa, umekanyaga sketi ya watu."

Bingwa akatoa mguu juu ya sketi. Akaondoka bila kuaga.

Jumamosi saa tisa alasiri watu wakaanza kuingia. Chumba cha Bingwa kilitazamana na cha mama yake. Alikaa mlangoni na kompyuta mapajani, akijifanya ana shughuli. Lakini macho yalikuwa yanahesabu. Fundi simu, huyo. Mpiga picha, huyo. Mwalimu wa chekechea, naye huyo, na daftari lake jipya. Walizunguka ile meza ya kukatia nguo. Baada ya muda kikasikika kicheko.

Kicheko cha chumba ambacho hukualikwa kinauma. Na kama ulialikwa ukakataa, kinauma mara mbili.

Bado hajatulia, akafika nesi mkuu wa zahanati. Nesi alikuja kuchukua sare yake. Zahanati ilikuwa mteja wa kwanza kabisa wa Bingwa. Tovuti yake ndiyo aliyokuwa akiionyesha kwa kila mtu. Nesi aliingia kwa dakika mbili, akakaa nusu saa. Alipotoka alisema, "Bingwa, huyu mdogo wako ana akili! Ananiuliza maswali ambayo sijawahi kuulizwa."

"Ndiyo," Bingwa alisema. Neno lilitoka kama mfupa.

Moyoni alisema, watanichukulia na zahanati. Nikipoteza zahanati, mimi ni bingwa wa nini?

Jumatatu Uzi alimpeleka mama yake dukani kununua zipu. Bingwa akaingia kile chumba. Ukutani palikuwa na karatasi kubwa ya kaki, ile ya kukatia vipimo vya nguo. Juu yake mambo matano yameandikwa kwa kalamu nene. La kwanza lilikuwa hili: *Mjibu-maswali. Programu ya akili bandia inayoongea na wateja yenyewe.*

"Ahaa! Kumbe hazina yenu hii hapa," alisema peke yake. Akapiga picha kwa simu. Akatoka mbio kama aliyeiba kuku.

Hakuzembea. Siku tatu tu, mjibu-maswali akawa ndani ya tovuti ya zahanati. Alhamisi akampelekea nesi.

Nesi akaandika kwenye simu, "Mko wapi?" Jibu likaja papo hapo, kwa adabu, na "karibu sana" juu yake.

"Mh! Bingwa, kumbe bado umo!" nesi alisema.

Bingwa alirudi nyumbani amevimba kifua kama jogoo. Jumamosi kikundi kilikaa tena. Wakacheka tena, safari hii mpaka mwalimu wa chekechea akapaliwa. "Chekeni," Bingwa alisema mlangoni kwake. "Nyinyi mnaandika ukutani, mimi nimeshafika."

Jumapili saa sita mchana mlango wake ukagongwa.

Alikuwa nesi. Nyuma yake alisimama mwanamke amebeba mtoto mgongoni. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi.

"Mwambie," nesi alimwambia yule mama.

Mwanamke akanyoosha simu. "Niliuliza kama Jumapili kuna chanjo. Nikajibiwa, 'Ndiyo, karibu, kuanzia saa mbili asubuhi.' Nimetembea zaidi ya saa nzima na huyu mtoto. Nimekuta kufuli."

Nesi akamgeukia Bingwa. "Tangu zahanati hii ijengwe hatujawahi kufungua Jumapili. Nani kasema tunafungua?"

"Ni… ni ile programu."

"Inaishi wapi hiyo programu, nikaisalimie?"

Bingwa akavuta kompyuta yake karibu.

"Leo ilikuwa chanjo," nesi alisema. "Kesho mtu ataiuliza ampe mtoto dawa vijiko vingapi. Unanielewa? Itoe sasa hivi. Na kama nitaendelea kufanya kazi na wewe, hilo bado sijui."

Bingwa aliitoa palepale. Kisha akavuka kwa mama yake, mbiombio.

"Mmenitega!" alimfokea Uzi. "Kitu cha kwanza kwenye orodha yenu kimeniaibisha!"

Uzi alikuwa anapiga pasi. Akasimamisha mkono. "Orodha ipi?"

Macho ya Bingwa yakakimbilia ile karatasi ya ukutani.

"Kaka. Uliingia humu ukapiga picha?"

Cherehani ya mama ikasimama. Bingwa akatazama sakafu.

Uzi aliweka pasi kando. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Kaka, ile haikuwa orodha ya dawa. Ilikuwa orodha ya wagonjwa. Wanasubiri kupimwa."

"Kupimwa vipi?"

"Kila Jumamosi kila mtu anachukua kitu kimoja, na kikaratasi chake kinachobandikwa kando ya orodha. Anakijaribu wiki nzima, kisha anarudi kutuambia. Tukishasikia, tunakiweka fungu moja kati ya matatu. Tumia. Subiri. Achana nacho. Wewe ulipopiga picha, hakuna kilichokuwa na fungu bado."

"Na huyo mjibu-maswali?"

"Fundi simu ndiye aliyemchukua. Alimweka kwenye tovuti ya majaribio, duka la viatu ambalo halipo. Hakuna mteja wa kweli pale, hakuna jina la mtu, hakuna namba ya mtu. Akamuuliza, 'Mna viatu vya tembo?' Akajibiwa, 'Ndiyo mpendwa mteja, saizi zote zipo.'"

Ndipo Bingwa alipojua walichokuwa wakicheka jana.

"Kile kitu kina akili, sikatai," Uzi aliendelea. "Lakini mara nyingi kikiwa hakijui hakisemi 'sijui'. Kinabuni. Tena kwa heshima kabisa."

"Kama mtu fulani ninayemjua," mama alisema. Akakanyaga pedali, cherehani ikaendelea.

Jumamosi iliyofuata Bingwa alisimama kwenye mlango wa kile chumba. "Kuna nafasi?"

"Ndoo ile pindua, ukalie," alisema fundi simu. "Lakini hapa hakuna bingwa, tunaambizana mapema."

Mpiga picha alikuwa anahangaika kufungua ukurasa. Bingwa akaona kosa lake mara moja. Mkono wake ukaruka kuelekea kwenye kompyuta. Mwalimu wa chekechea akaupiga kofi dogo.

"Mikono nyuma!"

"Nataka kumsaidia tu!"

"Msaidie kwa mdomo. Sheria ya hapa, anayejua hashiki. Anayeshika ni yule asiyejua. Ukimfanyia, umejifunza wewe mara ya pili, yeye hakuna."

Bingwa akaweka mikono nyuma. Ilimwasha kama ameshika upupu.

Zamu yake ilipofika alieleza yote. Picha aliyopiga, zahanati, mama mwenye mtoto, kufuli. Alisema haraka haraka, kama anayetema kitu kichungu. Aliwangoja wamcheke. Fundi simu akatikisa kichwa tu.

"Mimi nilijaribu kwa viatu vya tembo. Wewe umejaribu kwa mtoto wa mtu. Uliuliza ikikosea ataumia nani?"

"Sikuuliza."

"Hilo ndilo la kwanza kuuliza. Halafu ndiyo unauliza mengine. Kinamsaidia nani? Kinafunguka kwenye simu ya zamani, mtandao ukiwa dhaifu? Kinachukua taarifa gani za watu, na kinazipeleka wapi?"

"Na anayekisifia anakiuza?" mama aliongezea toka kwenye cherehani. Kila mtu akamgeukia. "Nini? Mimi pia nasikia."

Mwalimu wa chekechea akaandika mkasa wa Bingwa kwenye daftari, neno kwa neno. Uzi akachukua kalamu nene. Kwenye mjibu-maswali akaandika *Subiri*. Chini yake akaandika, *Zahanati, hapana.*

"Sasa zahanati tuifanyie nini?" Uzi aliuliza. "Watu bado wana maswali."

Bingwa alikuwa na jibu tayari. Alilimeza. "Sijui," alisema. Lilikuwa neno gumu kuliko yote aliyowahi kusema katika kile chumba.

Uzi alikwenda zahanati siku tatu mfululizo. Alikaa kwenye benchi na kina mama, akawauliza wanataka kujua nini. Alirudi na maswali kumi na mawili. Nesi akaandika majibu kwa mkono wake mwenyewe. Kazi ya Bingwa ilikuwa kuyaweka kwenye tovuti. Hakuweka mapambo. Kila jibu aliliwekea tarehe ambayo nesi alilihakiki mara ya mwisho. Swali la juu kabisa lilikuwa: *Jumapili mnafungua?* Jibu: *Hapana. Chanjo ni Jumanne na Alhamisi.*

Walijaribu ukurasa ule kwenye simu mbovu kuliko zote za fundi simu, kioo kimepasuka kama ramani ya mito. Mara ya kwanza ulichukua dakika nzima kufunguka, maana picha zilikuwa nzito. Mpiga picha akazipunguza, roho ikimuuma. Mara ya pili ulifunguka kabla hujamaliza kupiga chafya.

Mwezi ukapita. Jumamosi moja nesi akaja kwenye kikundi. Safari hii hakuwa na sare ya kushonesha.

"Mwezi mzima hakuna mtu aliyekuta kufuli," alisema. "Simu yangu haiiti tena kila dakika, napata muda wa wagonjwa. Na yule mama wa Jumapili alirudi Jumanne. Mtoto amechanjwa. Amelia, lakini amechanjwa."

Watu wakapiga makofi. Mama akapiga pedali.

"Sasa nataka kitu kimoja," nesi alisema. "Nikiwa na shida na tovuti nimpigie mtu mmoja tu, siyo watu watano. Nani?"

Fundi simu akatazama dari. Uzi akajifanya anakunja kitambaa kilichokuwa kimeshakunjwa. Alikuwa anamwachia kaka yake, na kaka yake aliona.

Wivu ulipanda, uleule. Zahanati ilikuwa yake. Kila herufi ya ile tovuti aliiandika yeye. Neno "mimi" lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Halafu akakumbuka nani alikaa kwenye benchi siku tatu.

"Mpigie Uzi," alisema. "Yeye ndiye anayejua watu wanauliza nini. Mimi nilijua kompyuta tu."

"Kaka…" Uzi alianza.

"Una uhakika?" nesi aliuliza. "Usije ukaninunia barabarani."

"Nitanuna," Bingwa alisema. "Wiki moja hivi. Lakini mpigie yeye."

Wakacheka, na yeye akacheka kidogo. Ilimuuma, hakuna haja ya kudanganyana. Alibandua kutoka kwenye orodha kikaratasi cha kitu alichopangiwa kujaribu wiki ile, akakitia mfukoni. Uzi akamwita tena. Bingwa akainua mkono juu kuaga, akageuka, akaenda zake.