Choo cha Mzee Ngala

Ndugu zangu, kaeni vizuri niwape habari za jirani yangu Mzee Ngala na choo chake. Najua wapo watakaosema choo si jambo la kuzungumzwa mbele ya watu. Hao na wazibe masikio, mimi nitasema.

Boma lake liko huku kwetu, nyuma ya Samburu hii ya pwani, ukishaiacha barabara ya malori. Asubuhi ya siku ninayoisema mvua ilikuwa imepumzika kidogo, mbuzi wanalia zizini, na mkewe, Mbodze, anakoroga uji. Mkazamwana wao, Mbeyu, alikuwa akirudi na ndoo ya maji kutoka kwenye lambo letu, mimba yake imemtangulia. Mumewe, Baya, ni mpishi hotelini Galu, naye ndiye aliyewajengea wazazi wake choo cha matofali na mabati. Kijiji kizima hakikuwa na kingine kama hicho. Mzee akakitia kufuli, ufunguo akauvaa shingoni.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana hili ni la huku kwetu hasa. Kwa desturi, baba mkwe hakalii kitanda cha mkazamwana wake. Sawa, hiyo ni heshima. Lakini desturi hiyo tumeiongezea na tundu la choo, kwamba mkwe na mkazamwana wasitumie moja. Basi Mzee akiwa na choo chake, Mbeyu aende wapi? Porini. Na pori liko wapi, nanyi mmelimaliza kwa kuchoma makaa? Limebaki pale juu ya lambo tu. Wakazamwana wote wa kijiji walikuwa wakienda hapo, kila alfajiri, kwa adabu kabisa.

Lakini mvua haina mkwe. Iliteremsha kila kitu hadi kwenye maji tunayokunywa.

Mchana ule nilikuwa kwa Mbodze, nimezuiliwa na mvua iliyorudi kwa nguvu, tumbo lilipomshika Mbeyu. Alikimbilia porini, akarudi ameloa. Hajakaa, akatoka tena. Aliporudi mara hiyo alikuwa anashika ukuta.

“Mama, sijiwezi,” akamwambia Mbodze. “Naona kizunguzungu.”

Mbodze akamwendea mumewe barazani.

“Baba Baya, nipe ufunguo. Huyu hawezi kutembea tena.”

“Unataka nikakae alipokaa mkazamwana wangu? Watu watasema nini?”

“Watu hawaumwi tumbo. Nipe ufunguo.”

“Aende alikozoea.”

Nilikasirika. Nikamwambia, “Mzee, na hiyo mimba je?” Akainuka, mkono tumboni, maana na yeye alikuwa anaharisha tangu asubuhi. Akafungua kufuli, akaingia, akajifungia. Mbeyu alimtazama mpaka mlango ukafungwa, kisha akajikokota kwenye mvua. Mbodze akamfuata na kanga ya kumfunika.

Nikasikia Mbodze akiniita kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena. Nilimkuta Mbeyu amelala kwenye tope chini ya kichaka, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Nikarudi mbio, nikaupiga mlango wa choo.

“Toka, Mzee. Mke wa mwanao anakufa.”

Akatoka. Pikipiki isingepita kwenye tope lile, kwa hiyo tukamlaza Mbeyu kwenye kitanda chake cha kamba tumpeleke barabarani. Tulikuwa watatu tu, mimi, Mbodze na jirani mmoja, mguu mmoja wa kitanda hauna mshikaji. Mzee Ngala akaushika. Kile kitanda ambacho desturi inamkataza hata kukikalia, alikibeba begani, ingawa na yeye alikuwa mgonjwa. Dereva wa lori akatuonea huruma, akatufikisha hospitali.

Mbeyu na Mzee wote wawili walitundikiwa maji. Daktari alituambia ugonjwa wao ni mmoja na umetoka kwenye maji ya lambo. Mbeyu alipona. Mtoto, wa kiume, alizaliwa hana pumzi.

Baya alifika kutoka Galu na nguo za kazi. Alimwamkia baba yake, “Shikamoo, Baba,” kisha akaenda kitandani kwa Mbeyu, akarudi.

“Baba,” akasema, “choo nilichojenga kilikuwa cha nani?”

Mzee Ngala akalia. Sikumfariji.

Tulimzika mtoto. Mzee alipopata nguvu alichukua jembe, akachimba shimo la pili upande wa nyumba ya Mbeyu, Baya akajenga. Kilipomalizika, Mzee alisimama mbali kidogo, akasema, “Mwanangu, hiki ni chako. Hakina kufuli.”

Mbeyu akainamisha kichwa. “Ahsante, Baba,” akasema. “Kimechelewa.”

Akaingia ndani ya nyumba yake.

FUNZO

Wenzangu, boma lenye choo ambacho nusu ya watu hawaruhusiwi kukiingia halina choo. Sisemi tutupe desturi, mkwe aheshimiwe. Lakini kama huwezi kutumia tundu moja na mkazamwana wako, chimba la pili kabla hajaolewa, kama unavyotafuta mahari. Vinginevyo mpe ufunguo, watu waseme. Tena chemsheni maji ya kunywa. Kwa maana Mzee Ngala alikataa tundu moja na Mbeyu, lakini kinyesi cha porini alikinywa pamoja naye, kikombe kwa kikombe, na aliyelipa ni yule ambaye hata jina hatukuwahi kumpa.