Zamu ya Duara Namba Tatu

Klara alirudi ofisini kuchukua chaja. Hilo tu. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya vifusi vya mgodi, na mdogo wake Mayala, dereva wa bodaboda pale Geita mjini, alibaki getini akimpigia honi. Alishamwambia dada yake kwamba mpira wa kwenye televisheni ukimpita leo, kesho dada huyo atatembea kwa miguu.

Ofisini hakukuwa na mtu. Katika chumba cha ndani ilinguruma ile kompyuta kubwa ya zamani, nene kama makabati mawili, ambayo mgodi uliirithi kwa wamiliki wake wa kwanza na mpaka leo ndiyo inayotunza mishahara na zamu. Klara, mtoto wa Kambarage, Shinyanga, aliletwa kwa ajili yake. Kulikuwa na programu huria, ya bure, ambayo yeyote anaichukua mtandaoni na kuichokonoa atakavyo, ila iliandikwa kwa kompyuta za kawaida. Ile kubwa ina mfumo wake na kiburi chake, hata herufi inazihesabu kivyake. Miezi mizima Klara aliihamisha programu hiyo kipande kwa kipande, hapa inakataa, pale inakubali, mpaka ikakaa.

Kazi ya programu hiyo ilikuwa nyepesi kueleza. Kompyuta ile ina tabia ya kuuliza swali kwenye skrini na kumsubiri mtu ajibu. Usipojibu, itasubiri mpaka kiama. Sasa programu ingejibu yenyewe: ikiulizwa nani yuko zamu, inataja jina. Kwa majaribio Klara alihitaji jina lolote, akaweka la mdogo wake. Mafundi wa kompyuta ndivyo walivyo, jamani. Nani ana muda wa kubuni majina?

Skrini ilikuwa imefunikwa khanga. Mama Kudra, mwendeshaji wa ile mashine, aliifunika kila jioni kabla ya kuondoka, na alishamwonya Klara asiifunue giza likiingia. Klara alidhani ni mambo ya vumbi. Mama Kudra naye hakufafanua, aliogopa msomi wa watu atamcheka.

Akaifunua, aone majaribio yanaendaje.

Skrini ilikuwa tupu. Kisha... tik. Mstari mmoja.

DUARA NAMBA TATU. ZAMU IMEISHA. NANI ANANIPOKEA?

Klara alikunja uso. Duara ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la mgodi, na la namba tatu halikuwepo tena. Shimo lile lilibomoka na kujaa maji kabla yeye hajazaliwa, likafukiwa, na mtunza winchi wake aliyeitwa Maganga hakuonekana tena. Habari hiyo kila mtu mgodini anaijua. Waya wa kuiunganisha kompyuta na huko ulishakatwa zamani. Akanyoosha mkono aizuie programu.

Programu ilimwahi.

MAYALA.

Kisha...

NIMEPOKELEWA.

Harufu ikaingia chumbani. Tope bichi... maji yaliyolala... baruti. Na mbali, upande wa lile duara lililofukiwa, winchi ikaanza kulia. Kamba ilikuwa inavutwa. Taratibu. Kitu kinapanda.

Alimpigia Mama Kudra simu. Mama wa watu hakusubiri hata shikamoo.

“Umeifunua,” alinong'ona.

“Imeuliza...”

“Inauliza kila jioni, mwanangu. Ndiyo maana naifunika, tusijibu.”

“Programu imejibu.”

“Kwa jina la nani?”

Klara alikuwa ameshaanza kukimbia.

Kwenye korido alikutana na mwanamume mwenye kofia ngumu ya kizamani. Alikuwa amelowa chapachapa, maji yakimchuruzika mikononi, lakini sakafu nyuma yake ilikuwa kavu. Alimpisha kwa adabu, kama mtu yeyote anayetoka kazini.

“Mwadila,” alisalimia kwa Kisukuma. Halafu akamshukuru, kwa sauti ya mtu aliyechoka. “Wabeja. Nimekaa sana.”

Getini pikipiki ilikuwa inaunguruma, taa inawaka, helmeti imetundikwa kwenye kioo. Mayala hayupo. Mlinzi alisema ameitwa kwa jina, mara moja tu, kutoka kule gizani. Akaitika, akaenda. Mlinzi hakushangaa, kwa sababu sauti aliitambua.

“Si ulikuwa wewe, dada?”

Walimtafuta usiku ule na siku zilizofuata. Kifusi cha duara kilikuwa na nyasi zake vilevile, hakijaguswa. Mama yao alikuja kutoka Kambarage akalia mpaka sauti ikamkauka. Klara alimshika mkono na hakuweza kumwambia jina la mwanawe lilitoka wapi.

Programu aliing'oa kwa mkono wake mwenyewe. Jioni moja, khanga mapajani, akakaa mbele ya skrini.

DUARA NAMBA TATU. ZAMU IMEISHA. NANI ANANIPOKEA?

Halafu ukaja mstari wa pili. Mama Kudra, aliyesimama mlangoni, anaapa hajawahi kuuona mstari wa pili tangu aanze kazi.

DADA, MPIRA ULIISHAJE?

Klara alilia kwa sauti. Akaweka vidole kwenye herufi. Jina la haki lilikuwa moja tu, la kwake mwenyewe, Klara. Akaandika herufi ya kwanza. Akaiangalia. Akaifuta. Alimpenda mdogo wake kuliko kitu chochote duniani na bado aliifuta, na hilo ndilo linalomla mpaka leo.

Mkataba wake ulishaisha, lakini hataki kuondoka. Ukifika pale mgodini jioni atakupokea vizuri. Atakupa kiti na chai, atakuuliza habari za safari na za nyumbani, na macho yake yatakuwa yanakwenda kwenye ile khanga. Kisha, kwa upole, atakuuliza unaitwa nani. Majina yote mawili.