Habari Iliyosomwa Mara Mbili

Kila Ijumaa, baada ya paredi, Justa wa darasa la sita alisimama mbele ya simu ya Mwalimu Hedwiga na kusoma habari za shule. Mwalimu mkuu huyo alirekodi, kisha akatuma kwenye kundi la walimu wakuu. Kabla ya mapumziko, sauti ya Justa ilikuwa imesikika kuanzia Mhezi kule mlimani hadi tambarare. Justa alijua hilo na, kusema kweli, lilimpanda kichwani kidogo. Wenzake walimwita Mama Redio, naye aliitika.

Shule yao ilikuwa mlimani, upande wa Suji. Bustani yake ya kabichi ilimwagiliwa kwa maji ya ndiva, bwawa la zamani la Wapare ambalo hujaa usiku na kufunguliwa alfajiri, kila mmoja kwa zamu yake. Zamu ya shule ilikuwa mara moja kwa wiki. Ilipomwangukia Justa kwenda kufungua maji, yeye alibaki nyumbani akifanyia mazoezi habari zake. Maji yakaenda kwa majirani. Jua la wiki ile halikuwa na huruma, na nusu ya miche ikanyauka.

Mwalimu Hedwiga alikuwa mkutanoni Same mjini, akarudi Alhamisi usiku. Ijumaa Justa aliona aibu kutangaza uzembe wake. Akasoma, kwa sauti yake nzuri, kwamba bustani ilikosa maji wiki nzima na hakuna mche uliokufa.

Jumatatu Mwalimu Hedwiga aliwasikilizisha wanafunzi wa darasa la sita jibu la Mwalimu Lemomo, mkuu wa shule moja ya wafugaji huko tambarare. Alishukuru sana kujua kwamba kabichi huvumilia wiki nzima bila maji. Alisema tangi lao ni moja, kwa hiyo kuanzia siku hiyo wangeacha kumwagilia kabichi kwa wiki nzima, ili watoto wapate maji ya kunywa. Darasa likapiga makofi. Hezroni, aliyekaa dawati moja na Justa na aliyeiona miche iliyokufa, hakupiga. Alimtazama tu.

Akilini mwake Justa aliwaona watoto wa tambarare wakisimama mbele ya miche mikavu, wasijue kosa lao ni lipi. Mapumziko yalipofika, alikwenda ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbona umenywea hivyo?"

"Ile habari haikuwa ya kweli. Nusu ya miche imekufa. Ni mimi, sikwenda kufungua ndiva."

Mwalimu Hedwiga akaweka simu mezani. "Waliosikia ule uongo bado wanauamini. Waambie wewe mwenyewe."

Safari hii Justa hakuwa na karatasi. Alitaja jina lake, zamu aliyoikosa na miche iliyokufa. Hakuficha kitu, akafika mwisho. Kabla ya kengele ya kurudi nyumbani, Mwalimu Lemomo alijibu kwamba wameshamwagilia, na kwamba Ijumaa wangemsikiliza tena binti yule yule.

Wiki hiyo Justa aliomba zamu ya ndiva kwa hiari yake, akapanda miche mipya pamoja na Hezroni. Ijumaa alifika paredini na tope miguuni. Mwalimu Hedwiga alimsimamisha mbele ya shule nzima.

"Wenye sauti nzuri ninao wengi," alisema. "Najivunia huyu, kwa sababu sasa akisema, mwalimu wa mbali anaweza kupanda shamba kwa kuamini neno la binti huyu. Uaminifu ndio huo, wanangu."

Kisha akamwekea simu mbele asome.